Amefungua redio tatu, hakurudisha hata moja: nifanye nini na binti yangu?

"Assalaam aleikum, mwalimu. Nakuandikia kutoka Langoni, Lamu. Nina binti wa miaka 11, yuko Gredi ya 6. Tangu mwaka jana amefungua redio tatu na tochi mbili, na hakuna hata kimoja alichokirudisha kikafanya kazi. Sasa namwona aizunguka redio ya marehemu babangu iliyo juu ya kabati, nami roho yaniruka. Mchana kutwa ni maswali. Mbona maji hujaa mara mbili kwa siku na mwezi ni mmoja? Mbona bamvua, yale maji makubwa, huja mwezi ukiwa mpevu na huja tena mwezi ukiwa hauonekani? Mimi niliishia darasa la saba, sina la kumjibu. Mjomba wake, nahodha wa boti ya Faza, amwambia hayo ni mambo ya Mwenyezi Mungu, ayaache. Mamangu asema msichana na bisibisi wapi na wapi. Nilianza kumpa shilingi 20 kwa kila ukurasa wa kitabu cha sayansi anaosoma. Alisoma wiki mbili, akaacha, na sasa kitabu hata kukishika hataki. Shuleni sayansi apata alama za chini, ilhali akieleza kwa mdomo aelewa. Jirani aniambia mtoto wa siku hizi asiye na kompyuta amepotea, ninunue tabuleti ya shilingi 15,000. Kuzipata ni niuze mkufu wangu. Ninunue? Nimzuie? Au nimwache tu?"

Wa aleikum salaam, dadangu. Mkufu wako uweke. Nimeanza na hilo kwa sababu sitaki uuze kitu leo jioni kabla hujafika mwisho wa jibu hili.

Nikikusoma vizuri, kinachokunyima usingizi si redio. Umeona mtoto ana kitu, na unaogopa kitu hicho kisije kikapotelea mikononi mwako kwa kuwa hukusoma sana na huna pesa. Nimefundisha fizikia shule za sekondari miaka 24, na sasa kila likizo watoto hukusanyika barazani kwangu hapa Malindi. Wazazi wengi wameniletea hofu hii hii, wenye digrii na wasio nayo. Wenye digrii huwapa shida zaidi watoto, kwa kuwa wana haraka ya kujibu.

Niliwahi kuwa hivyo. Mtoto mmoja wa mvuvi, miaka minane au tisa, alishika gilasi ya sharubati akaniuliza mbona barafu yaelea ilhali ni maji yale yale. Nilifurahi, nikamweleza kwa dakika kumi: uzito, ujazo, maji yanavyotanuka yakiganda. Kila nilichosema kilikuwa sahihi. Akasema, "Ahsante mwalimu," akaweka gilasi chini. Likizo ile nzima hakuniuliza swali jingine. Nilikuwa nimemwonyesha kwamba maswali yana mwenyewe, na mwenyewe ni mimi. Angeweza kuyeyusha kipande kile ndani ya gilasi ya maji iliyojaa pomoni aone kama maji yatamwagika, na siku ile angelala akifikiria kwa nini hayakumwagika. Nilimnyang'anya hilo.

Kwa hiyo kutojua kwako si kasoro, mradi usikufiche. Kuna maneno mawili nataka uyazoee, na hayahitaji hata darasa la saba. La kwanza: "Wewe wadhani ni kwa nini?" Mwache aseme, hata akisema jambo la ajabu, usimcheke wala usimsahihishe. La pili, ambalo ndilo sayansi yenyewe: "Sasa tutajuaje kama ni kweli?" Hapo atatafuta namna ya kupima. Akikosa namna leo, swali linaandikwa daftarini, linangoja.

Tulichukue swali lake la bahari, maana ni swali zuri kiasi kwamba wanafunzi wangu wengi wa kidato cha nne hawangelijibu. Nitakueleza wewe sababu ili usiwe na wasiwasi, lakini nakuomba usimpe yeye jibu hili bado.

Watu wengi hudhani mwezi huvuta maji kuelekea kwake, basi. Ingekuwa hivyo tu, maji yangejaa mara moja kwa siku, na binti yako amelishika kosa hilo peke yake. Mvuto wa mwezi hupungua kadiri kitu kilivyo mbali nao. Maji ya upande unaoukabili mwezi yako karibu zaidi, hivyo huvutwa kwa nguvu kuliko dunia yenyewe, yakajikusanya. Upande wa nyuma mambo hugeuka: dunia huvutwa kwa nguvu kuliko maji yaliyo nyuma yake, kwa hiyo maji yale huachwa, nayo yakafanya mwinuko wa pili. Dunia ikizunguka, Lamu hupita kwenye mwinuko wa kwanza, kisha wa pili. Mwezi nao hautulii. Siku ikiisha umeshasogea, na Lamu huhitaji kama dakika 50 zaidi kuufikia tena. Ndiyo maana kutoka maji kujaa hadi kujaa kwingine ni saa 12 na dakika 25 hivi, na ndiyo maana mvuvi hatoki saa ile ile kila siku. Umbo la pwani na kina cha bahari huongeza mengine yao, lakini msingi ni huo.

Jua pia huinua maji, kwa nguvu ambayo ni chini kidogo ya nusu ya ile ya mwezi. Mwezi ukiwa mpevu, na pia ukiwa hauonekani, jua, dunia na mwezi huwa karibu kwenye mstari mmoja, mivuto hiyo husaidiana, likaja bamvua. Mwezi ukiwa nusu, jua huvuta upande wake na mwezi upande wake, yakawa maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana. Bamvua kubwa kabisa huchelewa siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu, jambo ambalo mjomba wake alijua kabla hujaniandikia.

Sasa jinsi binti atakavyolifikia hilo mwenyewe. Tafuta kamba nyembamba isiyovutika, kama mita 5. Mfungie jiwe mwishoni, kisha yeye afunge fundo kila sentimita 10 kwa kutumia rula ya shule. Kufunga mafundo hayo sawasawa kutamchukua jioni nzima, na atayafungua mengi na kuyafunga upya, usimsaidie. Kila siku saa 10 alasiri, akiwa na mtu mzima, aende gatini mahali pamoja pasipobadilika, ateremshe jiwe mpaka liguse maji, ahesabu mafundo kutoka ukingoni. Mafundo machache, maji yako juu. Mengi, maji yako chini. Kama maji yameondoka kabisa na jiwe lakaa matopeni, aandike hivyo hivyo. Asiteremke kwenye ngazi zenye ukoga, na asipime wakati boti zinafunga.

Daftarini aandike tarehe, idadi ya mafundo, na tarehe ya mwezi mwandamo kutoka kalenda ya Kiislamu iliyo ukutani kwenu. Hiyo safu ya mwisho ndiyo siri ya zoezi zima, wala usimwambie. Wiki moja baadaye atashangaa kwamba saa 10 ile ile, maji yamekwenda mbali. Siku ya 14 au ya 15 yatarudi karibu na pale yalipoanza, na atadhani amekosea kuhesabu. Kufikia siku ya 29 yatakuwa yamepanda na kushuka mara mbili. Mwambie achore nukta kwenye karatasi ya miraba, siku upande huu, mafundo upande ule. Kaa naye anapounganisha nukta. Nimewaona watoto wakinyamaza ghafla penseli inapoanza kupinda kama wimbi.

Akifika hapo, mpeleke kwa mjomba wake na daftari lake. Nahodha wa boti ya Faza anajua ni saa ngapi ataweza kupita mlango wa Mkanda bila kukwama, na kwa ujuzi huo ameleta abiria salama miaka yote. Mtoto amwombe kanuni yake: ahesabuje, aangalie nini, tarehe gani ya mwezi aogope. Kisha aijaribu kwa kamba yake. Mjomba amesema ni mambo ya Mwenyezi Mungu, nami sina ugomvi naye. Anaishi kwa kuutegemea mpango usiobadilika, na kuupima mpango si kuupinga. Ibn al-Haytham, mwanasayansi aliyezaliwa Basra mnamo mwaka 965, alikuwa Muislamu mcha Mungu na ndiye aliyesisitiza kwamba maneno ya mtu mkubwa hayatoshi mpaka yajaribiwe. Ustadhi wa madrasa atamjua.

Na kwa kuwa nimemtaja, kuna kazi yake moja ambayo nyumba za Lamu zimeumbwa kwa ajili yake. Kuta zenu ni nene na madirisha ni ya mbao yanayofunga sawasawa. Asubuhi jua likiwa linapiga nyumba za mbele, funga chumba kinachotazama njia mpaka kiwe giza totoro, ziba nyufa kwa nguo, na kwenye dirisha bandika kadibodi yenye tundu moja la upana wa penseli. Keti dakika tano macho yazoee. Kwenye ukuta wa chokaa ulio mkabala, au shuka nyeupe, utaona njia ya nje: ukuta wa jirani, mtu apita na kanzu, punda amebeba mchanga, wote miguu juu kichwa chini, na rangi zao. Mwanga huenda mstari ulionyooka, hivyo unaotoka juu hupita tunduni ukaangukia chini. Mkaribishe na nyanyake aketi hapo. Halafu mtoto apanue tundu aone picha inavyong'aa zaidi lakini ikapoteza ukali wake. Onyo moja tu: asitazame jua lenyewe, si kwa tundu, si kwa miwani, si kwa lenzi ya aina yoyote.

Turudi kwenye redio. Kufungua si uharibifu. Richard Turere, mvulana wa Kimaasai aliyekulia karibu na Mbuga ya Taifa ya Nairobi, alisimulia mbele ya hadhira mwaka 2013, akiwa na miaka 13, jinsi alivyoifungua redio mpya ya mama yake na mama akakasirika vibaya sana. Vipande vile vilimfundisha umeme. Baadaye alichukua betri kuukuu ya gari, sola, na kifaa cha kumulikisha taa za pikipiki, akafanya taa zinazowaka kwa zamu usiku kuzunguka boma, na simba waliokuwa wakila ng'ombe wa babake wakaacha kuja.

Hata hivyo nawe una haki ya kulalamika, kwa sababu binti yako amejifunza nusu ya kazi. Kufungua kila mtu aweza. Kurudisha ndiko kunakomlazimisha mtu kuelewa. Kanuni ya nyumba iwe hii: kabla skrubu ya kwanza haijatoka, achore kifaa kilivyo, kila kinachotoka kinakaa kwenye shimo lake katika trei ya mayai, kwa mfuatano, na namba imeandikwa, waya wowote haukatwi kabla rangi yake na mahali unapokwenda havijachorwa. Trei ni ya bure dukani. Mkirudi kwenye redio zake tatu, nina hakika mojawapo haina ila waya wa betri uliong'oka, na fundi wa simu ataulehemu kwa pesa kidogo huku mtoto akitazama.

Kabla ya hapo, atoe spika katika mojawapo. Achukue betri moja ndogo ya tochi, ya volti 1.5, na vipande viwili vya waya. Aguse waya zote mbili kwenye miguu miwili ya spika, kwa kitambo kidogo tu. Atasikia "tak!" na karatasi ya spika itaruka. Aiwekee kidole kwa upole, aguse tena. Kisha ageuze betri, juu iwe chini. Sasa karatasi itakwenda upande mwingine: kama mwanzo ilisukuma kidole, mara hii itarudi ndani. Nyuma ya karatasi mna koili ya waya mwembamba ndani ya sumaku. Umeme ukipita, koili nayo huwa sumaku, ikavutwa au ikasukumwa kwa kufuata umeme unakotoka. Sauti ya redio ni msukumo na mvuto huo, mamia ya mara kwa sekunde. Nimetumia aya nzima hapa kwa sababu mtoto aliyegeuza betri mwenyewe akaona karatasi ikigeuka hataisahau sumaku-umeme hata afikishe miaka sitini. Akizoea, aunganishe spika mbili kwa waya mrefu, moja chumbani, moja uani, mmoja azungumze kwa sauti ndani ya hii na mwingine aweke sikio kwenye ile. Itasikika kwa mbali sana, bila betri yoyote.

Sasa hatari, na hapa sitapamba maneno. Kinachotumia betri za tochi afungue, isipokuwa kamera. Kinachoingia kwenye soketi asifungue, hata kikiwa kimechomolewa. Umeme wa nyumbani Kenya ni volti 240, na unaua. Ndani ya chaja, televisheni, hata mweko wa kamera, kuna kapasita zinazohifadhi umeme baada ya plagi au betri kutoka. Nilipokuwa na miaka 12 nilifungua chaja iliyokuwa imetoka ukutani muda huo huo. Nilirushwa, na mkono ulikufa ganzi mpaka usiku. Watu wa visiwani mna sola, na wengi hudhani sola ni salama. Paneli ndogo na betri ya volti 12 haitamrusha mtoto, lakini waya ukigusanisha ncha mbili za betri kubwa utakuwa mwekundu kama kaa na kumchoma, ndani mna asidi, na betri inapochajiwa hutoa gesi inayolipuka kwa cheche. Na kile kisanduku kinachobadilisha umeme wa sola uendeshe televisheni hutoa volti 240 zile zile. Betri ya simu asiitoboe wala kuikunja, inashika moto usiozimika upesi. Mkiwa na mtoto mdogo nyumbani, zile betri bapa kama kitufe zifungieni: akimeza moja, yaweza kumchoma koo ndani ya saa mbili, na hapo ni hospitali mara moja bila kungoja aonyeshe dalili. Vivyo hivyo mtoto akipigwa na umeme wa nyumbani: kata swichi kuu kwanza, usimshike kabla umeme haujakatwa, kisha hospitali hata akisema hajambo.

Zile shilingi 20. Ulifanya kwa nia njema, na kilichotokea kinajulikana. Mwaka 1973 watafiti watatu wa Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, waliwachukua watoto wa chekechea waliopenda kuchora. Baadhi waliahidiwa cheti kizuri wakichora. Wiki moja au mbili baadaye, vyeti vikiwa havipo tena, walioahidiwa walichora kwa karibu nusu ya muda wa wenzao. Waliopewa cheti kwa kushtukizwa, bila ahadi, hawakupoteza hamu. Akili ya mtoto hujieleza hivi: kama nalipwa, basi hii ni kazi, na kazi bila malipo ya nini? Usimkemee kwa kuacha. Acha malipo, acha kitabu kwa muda, wala usikitaje. Siku daftari la bahari likimpa swali lisilopimika kwa kamba, atakitafuta kitabu bila kuambiwa.

Kuhusu tabuleti, nitakuwa mkweli pande zote mbili, maana si kitu kibaya. Kuandika programu za kompyuta ni ujuzi mzuri, na kwa mtoto wa umri wake kuna Scratch, iliyotoka chuo cha MIT mwaka 2007: ni ya bure, unapanga vipande vya amri kama matofali, na ikishapakuliwa hufanya kazi bila intaneti. Ungekuwa na shilingi 15,000 zimekaa tu, nisingekukataza. Lakini tabuleti ya bei hiyo ikiingia nyumbani bila mtu wa kukaa naye, kwa nilivyoona, mwezi wa pili ni video na michezo, bando linakwisha, na redio zimesahaulika. Kwanza nenda shuleni. Shule za msingi za umma ziligawiwa tabuleti za wanafunzi katika mpango wa serikali ulioanza mwaka 2016. Muulize mwalimu mkuu kama za kwenu bado ziko, nani ana ufunguo wa kabati, na kama watoto wanne watano wanaweza kuzitumia saa moja baada ya masomo, wewe au mzazi mwingine akiwasimamia. Nimeona mzazi mmoja aliyeuliza kwa adabu mara tatu akafungua kabati lililofungwa miaka.

Mamako nisingependa umjibu kwa hoja. Mpe hadithi hii. Hapa Ngomeni, kaskazini ya Malindi, baharini, kuna majukwaa ya chuma ya Waitaliano ambayo wazee wa hapa wanayakumbuka yakirusha roketi. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri, kiliruka kutoka pale chombo cha Marekani cha kutafuta nyota zinazotoa eksirei, cha kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi hiyo peke yake. Kilipewa jina la Kiswahili, Uhuru, kwa heshima ya siku ile, na hadi leo wanasayansi wa nyota kote ulimwenguni hulitamka. Aliyesimamia mradi alikuwa mhandisi mwanamke, Marjorie Townsend, na alikuwa pale siku chombo kilipoondoka. Binti naye anaweza kuulizwa: mbona Wamarekani walikuja Ngomeni na nchi yao ina pwani? Ngomeni iko karibu na ikweta, na ikweta ndipo ardhi inapozunguka kwa kasi kubwa, kama kilomita 1,670 kwa saa, na roketi ikirushwa mashariki huondoka na kasi hiyo mkononi. Azungushe mpira wenye alama mbili, moja katikati na moja karibu na juu, aone ipi yasafiri zaidi.

Alama za shuleni ndizo zilizonifanya nisome barua yako mara ya pili. Mtoto anayeeleza vizuri kwa mdomo na kuanguka kwenye karatasi huenda haoni ubao, au kusoma kunamtesa, na kuna uwezekano kwamba kile kitabu alikiacha kwa sababu hiyo pia. Hili si la kusubiri. Wiki hii apimwe macho hospitalini. Macho yakiwa sawa, keti naye akusomee ukurasa kwa sauti. Kama anaruka maneno, anayageuza, au anachoka baada ya mistari michache, nenda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo uulize kituo cha tathmini kinachoitwa EARC. Kazi yao ni kupima watoto wa namna hiyo na kumwelekeza mwalimu jinsi ya kumsaidia. Kwenda huko si aibu, wala haina maana kwamba mtoto ana akili pungufu.

Mtafutie pia fundi. Redio, simu, mashine za boti, yeyote mwenye subira. Chagua anayeeleza anachofanya, si anayefukuza watoto, na duka liwe la wazi njiani. Nenda naye, keti hapo na ushonaji wako, asiachwe peke yake. Saa moja Jumamosi yatosha. Akishakaa mara tatu nne, mwombe fundi amwonyeshe kutumia mita ya kupimia umeme, maana kwa mtoto kama huyu mita ya bei ya chini ni zawadi bora mara kumi kuliko tabuleti.

Ikabaki redio ya marehemu. Usiifungie kabatini, ukifanya hivyo ataiwaza usiku na mchana. Iteremshe, iweke mezani, umsimulie babu yake alisikiliza nini kwayo na saa ngapi. Kisha mwambie wazi kwamba haifunguliwi sasa, kwa sababu haina ya pili, na kwamba siku redio moja katika zile tatu itakaposema tena, mtaifungua hii pamoja, wewe ukishika trei ya mayai. Kabla ya siku hiyo, tazama nyuma kama ina waya wa kwenda ukutani. Kama unao, ifunguliwe kwa fundi, mbele yake, si nyumbani.